Kizuia hewa cha mbele kwenye gari la spoti la zamani: kinafanya nini, na kinafungwaje kisipasuke

Gari la spoti la miaka ya 1960 au 1970 likifika kilomita 120 kwa saa, dereva huanza kuhisi usukani umekuwa mwepesi mikononi. Pua inaelea kidogo, upepo wa pembeni unalisukuma gari kirahisi, na kona ndefu inamtaka arekebishe usukani mara mbili tatu. Akiuliza afanyeje, mmoja atamwambia afunge spoila ya mbele. Mwingine atasema spoila ni pambo tu. Wa tatu atamwonya kwamba itamchemshia injini. Wote watatu wana punje ya ukweli, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi hutokana nayo. Kizuia hewa cha mbele ni ukuta wa faibaglasi, plastiki au mpira mgumu unaofungwa chini ya bampa ukielekea barabarani, ili hewa inayoingia chini ya gari ipungue. Spoila ni neno pana: kipande chochote kinachovuruga mkondo wa hewa kwa makusudi, kiwe mbele au juu ya buti. Splita ni ubao uliolazwa sambamba na barabara, ukichomoza mbele kutoka ukingo wa chini wa kizuia hewa. Bawa ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hewa hupita juu yake na chini yake. Hapa tunazungumzia kile cha kwanza, kile ambacho gari halikutoka nacho kiwandani bali kimenunuliwa baadaye.

Kwa nini pua hunyanyuka

Aliyewahi kuona bati la paa lililolegea likipigwa na upepo ameshaiona fizikia yote tunayoihitaji. Hewa inayopita juu ya bati inakimbia, na hewa inayokimbia hukandamiza kwa nguvu ndogo zaidi. Hewa iliyoingia chini ya bati inakosa pa kutokea, inabanana, inasukuma juu. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ndiyo inayong'oa misumari.

Pua ya gari la zamani ni bati hilo. Boneti ndefu iliyopinda huikimbiza hewa ya juu. Chini kuna boriti ya chasi inayobeba injini, sampu ya oili, mikono ya usukani, bomba la ekzosi: vikwazo vitupu, ambavyo hewa ikivigonga hupoteza mwendo na kujazana. Zaidi ya hapo, mdomo wa rejeta humeza hewa nyingi, na hewa hiyo ikishapita kwenye injini haina njia nyingine ila kutokea chini, pale pale palipokwisha kusongamana.

Nguvu hii ya kunyanyua haipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Mwendo mara tatu, nguvu mara tisa. Gari lililotulia kama mkeka kwa kilomita 60 kwa saa linabeba mnyanyuo mara nne likifika 120. Kwa hiyo anayesema kizuia hewa hakina maana mjini amesema kweli, na anayesema hawezi kuendesha barabara kuu bila hicho naye amesema kweli.

Kizuia hewa hufunga mlango wa chini. Hewa inayokigonga inalazimika kupita pembeni au juu, na nyuma ya ukuta huo hubaki eneo lenye mgandamizo mdogo. Eneo hilo lina faida mbili. Kwanza, pua haisukumwi juu kwa nguvu ile ya awali. Pili, hewa ya moto iliyo nyuma ya rejeta hufyonzwa kuelekea chini, hivyo hewa baridi hupita kwenye rejeta kwa urahisi zaidi. Faida hii ya pili huwashangaza wengi, kwa sababu wao husikia habari za injini kuchemka tu. Tutairudia.

Watengenezaji wenyewe walilijua tatizo hili mapema. Datsun 240Z, iliyotambulishwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, ina pua inayojulikana kwa kuwa nyepesi kwenye kasi kubwa. Timu ya mashindano ya BRE ya Peter Brock huko Marekani iliifungia kizuia hewa kilichokuja kuitwa "Spook", na umbo hilo bado linatengenezwa kwa ajili ya magari hayo. Mwaka 1971 Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, iliuza nchini Japani toleo la 240ZG lenye pua ndefu zaidi. Porsche nayo iliipa 911 S ya modeli ya 1972 mdomo mdogo chini ya bampa ya mbele, na mwaka uliofuata Carrera RS 2.7 ikapata spoila ya nyuma iitwayo mkia wa bata, juu ya kifuniko cha injini.

Mfuatano huo wa Porsche una somo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitaji. Ukiikandamiza pua peke yake, nyuma inabaki na mnyanyuo wake ule ule, na mizani ya gari inabadilika. Mbele inashika barabara kuliko nyuma. Dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi, mkia unaweza kumponyoka kwa namna ambayo gari halikuwa nayo zamani. Kwa gari linaloendeshwa barabarani kwa kasi halali, kizuia hewa cha kimo cha wastani hakileti hatari hiyo. Anayelipeleka gari kwenye uwanja wa mashindano, na hasa gari lenye injini nyuma, afikirie vyote viwili kwa pamoja, mbele na nyuma.

Imani tatu za kuachana nazo

Imani ya kwanza ni kwamba kizuia hewa hulikandamiza gari chini kama bawa la gari la mashindano. Sivyo. Kwa sehemu kubwa kinapunguza mnyanyuo uliokuwepo. Gari lililokuwa linanyanyuliwa kwa kilo 60 litanyanyuliwa kwa kiasi kidogo zaidi, na hilo peke yake ni jema kubwa.

Ya pili ni kwamba kadiri kinavyokaribia ardhi ndivyo kinavyokuwa bora. Kuna kimo ambacho kizuia hewa huondoa ukinzani mwingi wa chini ya gari kuliko ule kinaouongeza chenyewe. Ukipita hapo, unapachika ukuta unaokata upepo bure, tena ukuta unaogonga kila tuta.

Ya tatu ni ile ya joto. Kizuia hewa kilichofungwa vizuri huisaidia rejeta. Kinachochemsha injini ni kile kilichopanda juu mno kikaziba sehemu ya mdomo wa rejeta, au kilichoziba njia ya hewa ya rejeta ya oili iliyoning'inia chini, au kilichoacha pengo ambalo hewa inalikimbilia badala ya kupita kwenye rejeta. Tena yapo magari yaliyobuniwa yavute hewa ya rejeta kutoka chini ya bampa, kama Corvette za 1984 hadi 1996 na Camaro za 1982 hadi 1992. Katika magari hayo, kile kipande cheusi cha plastiki kilicho chini ya rejeta ndicho kinachoielekeza hewa iingie. Kikivunjika na mwenye gari akakiona ni takataka tu, injini inaanza kuchemka kwenye mwendo wa barabara kuu huku mjini ikiwa salama, na fundi anabadilisha thamostati na pampu ya maji bila kupata dawa.

Kuchagua kipande

Vipande vinavyouzwa kwa magari ya zamani ni vya aina tatu. Faibaglasi ndiyo iliyoenea: ni ngumu, inarekebishika, unaweza kuikata na kuiongeza, lakini ikigonga jiwe inapasuka. Plastiki ya ABS ni nyepesi na laini kiasi, ila inapanuka sana kwa joto. Poliurethani hupinda na kurudi, inavumilia kugongwa, lakini ni nzito na huyumba ikikosa mihimili.

Kwa gari linalotembea, poliurethani au faibaglasi nene ya milimita 3 au 4 ndiyo chaguo la busara. Kishike kipande mkononi kabla ya kulipa. Kipindishe kidogo, kisha utazame upande wa ndani dhidi ya mwanga: nyuzi zinazoonekana kavu, bila gundi, ni dalili ya mahali patakapopasuka kwanza.

Hakikisha pia kimetengenezwa kwa mwaka wa gari lako, si kwa jina lake tu. Mfano mzuri ni MGB. Magari ya kuanzia katikati ya 1974 yana bampa nyeusi za mpira na yameinuliwa juu zaidi kuliko yale ya bampa za kromu. Kipande cha gari la 1970 hakikai kwenye gari la 1976, na hata kikilazimishwa hakitafika kimo kilichokusudiwa.

Nasihi moja kabla ya kuchukua zana: usikate bati la asili la gari. Lile linaloshuka chini ya bampa lifungue bolti ulitoe, lifunge kwa nguo, lihifadhi. Kwa mengi ya magari haya bati la asili halipatikani tena kwa uzuri ule ule, na gari lililokatwa pua hupoteza thamani ambayo hakuna kizuia hewa kitakachoirudisha. Tumia matundu ya bolti yaliyopo kadiri inavyowezekana.

Kimo: hesabu kabla ya tundu la kwanza

Liegeshe gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi na tangi likiwa nusu. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa fenda, kushoto na kulia, katikati ya gurudumu. Gari lenye umri wa miaka 50 mara nyingi limeinamia upande mmoja, milimita 10 au zaidi, kwa sababu spring imechoka au liliwahi kugongwa. Kama ni spring, itengeneze kwanza. Ukifunga kizuia hewa kwenye gari lililoinama, utakipanga kifuate bodi au kifuate barabara, na vyovyote utakavyochagua jicho litaliona kosa.

Kwa barabara za kawaida, ukingo wa chini usishuke chini ya milimita 100, na 120 ni salama zaidi. Tazama sababu. Tuseme kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi ukingo wa kizuia hewa ni milimita 700, na ukingo uko juu kwa milimita 120. Gari hilo litapanda mwinuko wa karibu nyuzi 10 bila kugusa. Ukishusha ukingo hadi 80, unabaki na nyuzi 6 na nusu, na njia nyingi za kuingilia maegesho ni kali kuliko hapo. Kumbuka pia kwamba ukikanyaga breki kwa nguvu pua hushuka milimita 30 hadi 50. Zile 120 za gari lililosimama zinakuwa 70 kwenye tuta ambalo hukuliona.

Njia nzuri ya kupata kimo bila kuumia ni kuigawa kazi. Ukuta mgumu uishie milimita 150 juu ya ardhi, kisha chini yake ning'iniza ukanda wa mpira wenye unene wa milimita 4 au 5 na kimo cha 40. Mpira ukigonga unapinda, ukichakaa unabadilishwa, na hewa haijui tofauti. Wanaojali magari yao wangefanya hivi wengi zaidi kama sura ya mpira ingekuwa nzuri kama ya rangi.

Kujaribishia

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo watu hukimbia. Hakuna kipande cha faibaglasi kinachokaa sawa kikitoka kwenye karatasi yake. Kilitolewa kwenye kalibu iliyotengenezwa juu ya gari fulani, na gari lako silo lile. Kanuni ambayo haina msamaha: rangi ni ya mwisho kabisa. Aliyepaka rangi kwanza atalazimika kuikata baadaye, au ataogopa kuikata na hivyo kukilazimisha kipande kwa bolti.

Tafuta mstari wa katikati wa gari. Usiuamini mdomo wa rejeta wala nembo. Chukua matundu mawili ya mabano ya bampa, kushoto na kulia, vuta uzi kati yake, pima nusu, kisha angusha timazi. Weka alama. Fanya hivyo kwenye kizuia hewa pia. Kisha msaidizi mmoja akishike upande huu na wewe upande ule, mkibandike kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, mkianzia katikati na kwenda nje.

Sasa kisome. Kinapogusa bodi, weka alama ya penseli. Kinapoacha pengo la zaidi ya milimita 5, weka alama nyingine. Unalolitaka ni pengo la milimita 3 hadi 5 mwendo wote, litakalojazwa na ukanda wa mpira wenye kingo mbili. Faibaglasi isiyogusa bati haisagi rangi, wala haiachi mchanga unaosugua hadi kutu ianze.

Kipande kilichopinda kwa sababu ya kuegeshwa vibaya dukani kinarekebishika. Kipashe joto taratibu kwa kikausha nywele au kwa maji ya moto, kifunge kwenye umbo unalolitaka, kiache kipoe kikiwa kimefungwa. Kukivuta kwa bolti hadi kikae ni kukiwekea mkazo ambao kitaulipa kwa mpasuko baada ya miezi michache, mara nyingi siku ya jua kali.

Kukata kuna adabu yake. Bandika utepe juu ya mstari, chora juu ya utepe, kisha kata milimita 3 nje ya mstari kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Meno yaingie kutoka upande wenye tabaka laini la nje yakielekea ndani. Yakitoka ndani kwenda nje yatalibandua tabaka hilo vipande vipande. Malizia kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kipande cha mbao, kisha 120. Vaa barakoa ya vumbi, miwani na glavu. Vumbi la faibaglasi ni vioo vidogo, na mapafu hayavioshi.

Kabla ya kutoboa chochote, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa limekaa juu ya matairi yake. Kati ya tairi na ncha ya kizuia hewa pabaki milimita 25 au zaidi. Kisha mtu akalie fenda ili spring ishuke, na urudie. Wengi hupima gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, na kila kitu huonekana sawa hadi kona ya kwanza yenye shimo. Ikikubidi kuingia chini ya gari, liwe juu ya stendi imara, kamwe lisiwe juu ya jeki peke yake.

Matundu na bolti

Mpasuko wenye umbo la nyota kuzunguka bolti ndio ugonjwa mkuu wa vipande hivi, na chanzo chake ni kimoja kati ya viwili: bolti iliyokazwa kupita kiasi, au tundu lililobana mno.

Suala la tundu linaeleweka ukihesabu upanuzi. Kizuia hewa cha ABS chenye upana wa mita 1.4, kikitoka kwenye asubuhi ya baridi hadi kwenye jua la mchana, tofauti ya nyuzi joto 40, kinarefuka kwa milimita 4 hadi 5. Bodi ya chuma inarefuka kwa chini ya milimita 1. Faibaglasi haifiki huko, lakini nayo hutembea. Kama matundu yote yamebana bolti zake, plastiki haina pa kwenda ila kujipinda mawimbi au kupasuka. Kwa hiyo tundu la katikati liwe la duara, liwe ndilo nanga. Matundu mengine yote yawe marefu kwa upande, milimita 8 kwa 12 kwa bolti ya milimita 6.

Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3 kupitia kizuia hewa hadi kwenye bati, halafu panua kila upande kwa kipimo chake. Zungushia keekee utepe, uache ncha ya milimita 10 tu ikiwa wazi. Nyuma ya bati hilo huwa kuna rejeta, nyaya za indiketa au bomba la oili, na keekee inayopenya ghafla haina breki. Kama unagusa nyaya, chomoa terminali hasi ya betri.

Nafasi kati ya bolti iwe milimita 150 hadi 200. Chini ya kila kichwa weka washa pana ya milimita 20 hadi 25, na chini yake washa ya mpira. Tumia nati zenye plastiki ndani, kwa sababu hazilegei bila kukazwa sana. Kaza mpaka washa ya mpira ianze kufura pembeni, kisha simama. Pale usipoweza kuingiza mkono nyuma ya bati, tumia nati za riveti.

Kila tundu jipya kwenye chuma ni mlango wa kutu. Lipige praima yenye zinki, liache likauke, kisha pitisha bolti iliyopakwa grisi. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikikaa uchi kwenye chuma cha kawaida chenye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa.

Ukingo wa chini unahitaji mshikaji

Vipande vingi huuzwa bila mihimili, na wanunuzi huviacha vikining'inia kwa bolti za juu tu. Hesabu ndogo inaonyesha kosa liko wapi. Ukuta wa mita 1.4 kwa sentimita 20 ukipigwa na hewa ya kilomita 120 kwa saa unaweza kubeba msukumo unaofikia uzito wa kilo 19. Kwa 160, kilo 34. Ni kama kumtundika mtoto wa shule kwenye ukingo wa chini. Ukuta usioshikwa hukunjika kuelekea nyuma kadiri mwendo unavyopanda, pengo la chini linafunguka, na kile ulichokinunua kinaacha kufanya kazi pale hasa unapokihitaji. Juu, kwenye mstari wa bolti, faibaglasi inachoka kwa kupinda na kurudi.

Weka mihimili miwili au mitatu ya alumini bapa, upana milimita 25 na unene 3, kutoka milimita 50 hivi juu ya ukingo wa chini hadi kwenye boriti ya rejeta au bolti ya chasi. Usiifunge kwenye rejeta yenyewe. Upande wa kizuia hewa tumia bolti ya nailoni: siku pua itakapogonga kitu, nailoni itakatika kabla ya faibaglasi.

Hewa iliyoingia iwe na kazi

Ukishafunga, piga magoti mbele ya gari na utazame ndani ya mdomo. Mwanga unaouona pembeni mwa rejeta ni njia ya hewa kukimbia. Izibe kwa bamba jepesi la alumini au sponji ngumu ya povu, kutoka ukingo wa juu wa kizuia hewa hadi kwenye fremu ya rejeta.

Kama kipande chako kina matundu mawili ya mviringo pembeni, hayo ni ya breki. Mabomba laini ya kipenyo cha milimita 63 au 75 hupeleka hewa kwenye diski. Diski yenye matundu ya ndani ipewe hewa katikati, karibu na habu, kwa sababu yenyewe huvuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Diski nzima isiyo na matundu igawiwe hewa pande zote mbili; ikipoozwa upande mmoja tu inaweza kupinda. Kama huendi kwenye mashindano, ziba matundu hayo na usijisumbue.

Usilifunike ndoano la kukokotea wala mahali pa jeki. Hilo hukumbukwa usiku, gari likiwa limekwama. Nuru za indiketa na namba ya gari zibaki zikionekana, na sheria za ukaguzi za nchi yako uzisome kabla ya kukata chochote.

Rangi, na kilomita za kwanza

Faibaglasi mpya hutoka na nta ya kalibu juu yake. Ioshe kwa maji na sabuni, kisha uipanguse kwa dawa ya kuondoa nta na grisi kabla ya msasa, si baada yake, la sivyo msasa utaizamisha nta ndani ya mikwaruzo na rangi itafanya vitundu vidogo vidogo vya duara. Piga msasa namba 320, praima, kisha rangi. Poliurethani inahitaji rangi iliyochanganywa na kilainishi, na ABS inahitaji dawa ya kushikisha kabla ya praima. Mahali pa chini kabisa, ambapo maji yatatuama, toboa matundu ya milimita 8. Majani na matope yakikaa humo yanashikilia unyevu dhidi ya bati miezi mizima bila kuonekana.

Ili ujue kama kazi imefaa, andika mshale wa joto unasoma wapi kabla ya kufunga, kwenye barabara fulani na mwendo fulani. Baada ya kufunga, rudi pale pale, hali ya hewa ikifanana. Ukipanda, rudi kwenye mapengo ya pembeni mwa rejeta na kwenye kimo cha ukingo wa juu. Karibu kila mara jibu liko hapo.

Baada ya kilomita 200 kagua kila bolti, kisha lala chini na utazame ukingo wa chini. Mikwaruzo iliyoenea sawasawa kuanzia kushoto hadi kulia inasema umefunga chini mno. Mikwaruzo ya katikati tu inasema ukuta unanepa, ongeza mhimili. Mikwaruzo ya kona moja inasema spring ya upande huo imechoka, au ule mwinamo wa milimita 10 ulioupima siku ya kwanza hukuutengeneza.